Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kazi ya maji, mito inayokauka na maji ya wajukuu zetu

Inboksi yangu imejaa maswali yaleyale. Wengi ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho na waliomaliza juzijuzi, wengine ni wazazi wanaotaka kujua kama mtoto akisomea mambo ya maji atakuja kupata ajira kweli. Nimeona niyakusanye hapa nijibu kwa kirefu mara moja, maana kujibu mmoja mmoja kwenye simu usiku sasa imeshindikana. Mi ni dada wa haidrolojia, kazi yangu ni kupima mito na visima, naingia mwaka wa 9 sasa. Naongelea Tanzania kwa sababu ndo ninapopajua kwa miguu yangu.

Dada, rasilimali za maji na huduma ya maji si kitu kimoja tu?

Hapana, na hapa wengi mnachanganya hadi kwenye intavyuu. Yule anayekuletea maji nyumbani, anayesoma dira na kukukatia ukichelewa kulipa, huyo ni mamlaka ya maji, na huko vijijini ni RUWASA (wakala wa maji vijijini, imeanza 2019) pamoja na vile vyombo vya watumia maji vya jamii. Wao wanahangaika na bomba, tenki na pampu. Sisi tunahangaika na kule bomba lilikochomekwa: mto, ziwa, chemchemi, maji ya chini ya ardhi. Tunataka kujua huu mto una maji kiasi gani, nani anachota, anachota saa ngapi na kwa mwezi gani, na tukiendelea hivihivi 2060 watu watakuta nini. Bomba jipya linazinduliwa na ngoma na viongozi wanakuja, ila hakuna anayeitwa kuzindua mto uliobaki na maji yake, ndo maana bajeti ya upande wetu ni rahisi kusahaulika na mi hilo linaniuma sana.

Mabonde yapo mangapi na kwanini wasigawe tu kwa mikoa?

Bonde kwetu ni eneo lote linalomwaga maji yake kwenye mto au ziwa fulani. Yapo 9: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, kila moja na bodi yake.

Kuhusu mikoa, chukua Pangani uone. Maji yanashuka Kilimanjaro na Meru, Kikuletwa na Ruvu (hii ya Kilimanjaro, sio ile ya Dar) zinakutana pale kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kutoka hapo mto unateremka hadi Korogwe na kwenda kumwaga baharini pale Pangani mjini. Arusha wakijipangia yao na Kilimanjaro yao, kila mtu akachota anavyotaka, yule mama wa Pangani kule mwisho anashangaa maji ya mto yameanza kuwa na chumvi kwa sababu mto umelegea na bahari inapanda juu. Hiyo imeshatokea, wala sio kitu cha kufikirika. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja anayeuangalia mto wote kuanzia mlimani mpaka baharini.

Maji ni ya Mungu, kibali cha nini tena?

Hili nimeulizwa na wazee wangu mwenyewe nikiwa nyumbani Krismasi, yaani nilikaa nao hadi saa sita usiku. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inasema maji ni mali ya umma. Ndoo yako ya kupikia na kuogea hakuna anayekudai kibali. Ukiweka pampu, ukajenga banio ukachepusha mto kuingiza shambani, ukachimba kisima kirefu cha biashara, hapo unaomba kibali kwenye bodi ya bonde. Kibali kina kiasi ndani yake, na hicho kiasi ndo kinatusaidia kujua mto umeshagawiwa mara ngapi. Bila hivyo watu 40 wanachota kwenye kijito chenye maji ya watu 15, alafu kiangazi kikifika wanashikiana mapanga.

Kuna kitu kwenye hiyo sheria nawaomba mkisome wenyewe, mpangilio wa nani anapewa kwanza. Wa kwanza ni binadamu na mahitaji yake ya msingi ya nyumbani. Wa pili ni mto wenyewe, yaani maji yanayobaki mtoni kwa ajili ya mazingira. Kilimo, viwanda, umeme na mengine vinafuata baada ya hapo. Nilivyokisoma mara ya kwanza nikiwa chuo sikuamini kama tunayo sheria ya hivyo. Shida ipo kwenye kuitekeleza, maana ili ujue maji ya mto wenyewe ni kiasi gani lazima uwe umeupima, na sehemu nyingi hatujaupima vya kutosha.

Mnavyosema "vizazi vijavyo", ni maneno ya kwenye prezentesheni tu au kuna kitu cha kushika?

Ngoja nikwambie kuhusu Makutupora, na hapa niachieni nafasi maana ndo swali ninalolipenda kuliko yote.

Makutupora ipo kaskazini mwa mji wa Dodoma, ni eneo la visima, na kwa miaka mingi Dodoma imekunywa maji ya pale. Kuanzia miaka ya 1950 kulikuwa na watu wanaoshusha kamba ya kupimia kwenye visima vya uchunguzi, wanasoma maji yako mita ngapi chini, wanaandika. Miaka inaenda, Uhuru unakuja, 1973 inaamuliwa Dodoma iwe makao makuu, wao wanaandika tu. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kujua mji utakuwa mkubwa kama ulivyo leo.

Baadae watafiti wakachukua rekodi ya miaka 55 ya pale wakaichambua, wakaichapisha 2013, na kilichoonekana ni kwamba yale maji ya chini hayajazwi kila mwaka kama tulivyokuwa tunadhani. Yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kweli, mfano ile El Niño ya 1997/98, alafu kati ya msimu mmoja mkubwa na mwingine kina kinashuka tu, kinashuka, kinashuka, miaka mingi.

Sasa piga picha wewe ni kijana umepewa kazi ya kuishauri serikali kuhusu pale na una data ya miaka mitano tu. Kama miaka yako mitano imeangukia kwenye kushuka utaandika ripoti kwamba maji yanaisha kesho, watu watatishika, hela zitahamishwa. Kama imeangukia baada ya El Niño utaandika maji yapo tele chimbeni visima vingine 20, na hayo ndo makosa mabaya zaidi kwa sababu utakuwa unakula akiba ambayo mvua yake itakuja labda baada ya miaka 10 au zaidi. Bila urefu wa ile rekodi hiyo tabia isingeonekana. Angetokea bosi mmoja katikati pale akasema bajeti hakuna acheni kupima, leo tungekuwa tunabahatisha maji ya makao makuu ya nchi.

Kwa hiyo ukiniuliza vizazi vijavyo ni nini, mi namuona yule mtu wa mwaka 1955 na kamba yake, na mimi ndo kizazi kijacho chake. Nina haki ya kumdai na yeye alishanilipa. Kinachoninyima usingizi ni mafaili mengine niliyowahi kufungua ambayo mto umepimwa vizuri miaka 30 alafu ghafla kurasa tupu, kituo kimekufa, geji (kile kipimo cha kina kinachosimikwa mtoni) imesombwa na mafuriko au chuma kimeibiwa kikauzwa skrepa, na hakuna aliyerudishia. Ile miaka tupu hata uwe na kompyuta ya kisasa vipi huwezi kwenda kuipima leo.

Ruaha Mkuu unakaushwa na nani? Wafugaji au wakulima?

Nawaomba tuache kutafuta wa kumshika shati kwanza, tuuelewe mto.

Ruaha Mkuu unaanzia milima ya Kipengere na Poroto, unaingia kwenye bonde la Usangu ambapo Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mito mingine inachangia, maji yanatuama kwenye ardhioevu ya Ihefu. Kutoka Ihefu kuna mlango mmoja, mwamba pale N'giriama. Ule mwamba ni kama kizingiti cha mlango wa nyumba: maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti mto unatiririka kwenda Hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, hadi mto Rufiji. Yakishuka chini ya kizingiti, hata kwa kidogo tu, mto unakata, ingawa ukisimama Ihefu bado unaona maji na ndege wanaogelea.

Zamani mto ulikuwa unatiririka mwaka mzima, kuanzia 1993 ukaanza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi, ukiona viboko wamebanana kwenye tope huwezi kusahau. Kilichoongezeka pale juu ni mabanio na mifereji ya mpunga, mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga na maelfu ya wakulima wadogo. Mpunga wa masika wala hauna tatizo kubwa hivyo, maji yapo. Tatizo linaanza mwezi wa saba huko, mavuno yameshaisha lakini mabanio hayafungwi, maji yanaendelea kuingia mferejini kwa sababu watu wa vijiji vya kando wanayatumia nyumbani na wengine wanataka kuwahi kuotesha miche bei ikiwa nzuri. Yule mama anayechota mferejini hana bomba, utamwambia nini? Ukimchimbia kisima kizuri anaruhusu banio lifungwe kiangazi, na hayo maji machache yakifika Ihefu yanaweza kuwa ndo yale ya kuvuka kizingiti.

Mi naamini hapo ndo kuna kazi ya kijana. Watu wamehamishwa kule, mipaka ya hifadhi imebadilishwa zaidi ya mara moja, maisha ya watu yameumia, na mto haujarudi kuwa ule wa zamani. Anayejua kila banio linapitisha lita ngapi kwa sekunde mwezi wa tisa anaweza kukaa na wakulima na wafugaji wakaongea kwa namba, na watu wanakubali kupunguza wakiona kwamba na wa upande wa pili kapunguza.

Barafu ya Kilimanjaro ikiisha mito ya Moshi itakauka?

Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 imeshaondoka, na inauma. Lakini mchango wa barafu kwenye mito ya pale ni mdogo sana. Maji ya Moshi yanatengenezwa na msitu, ule mkanda wa msitu unaokamata mvua na ukungu. Kwa hiyo ukiona mtu analilia kofia nyeupe huku anakata mti chini, mwelekeze macho kwenye msitu.

Tukapande miti basi kwenye vyanzo?

Mti gani? Nimekuta chemchemi imezungushiwa mikaratusi na kibao kizuri cha mradi, miaka michache mbele wanakijiji wanalalamika maji yamepungua. Mkaratusi unakunywa maji mengi, usiuweke kwenye chanzo. Waulize wazee hapo mwanzo kulikuwa na miti gani, mara nyingi watakutajia mikuyu na jamii zake. Na mara nyingi hata kupanda hakuhitajiki, zuia ng'ombe na jembe visiingie ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 imeziweka, ondoka, rudi baada ya misimu mitatu.

Wazee wa kijiji hawanisikilizi, wananiona mtoto. Nifanyeje?

Amkia kwanza, shikamoo yako iwe ya kweli, alafu nyamaza. Mi nilijifunza hili Upare.

Kule kuna ndiva, ni mabwawa madogo ya kujengwa kwa udongo na mawe, maji ya kijito yanaingia usiku kucha yakikusanyika, asubuhi wanafungua na kila familia ina zamu yake ya kumwagilia. Usafi na matengenezo yanafanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, asiyetokea anatozwa. Uchagani nao wana mifongo, mifereji iliyochimbwa na koo miaka na miaka iliyopita, inafuata mlima kwa mteremko mdogo sana ambao mi nikiupima leo na vifaa vyangu nawavulia kofia waliouchimba. Hii ni taasisi ya maji iliyodumu kuliko mradi wowote niliowahi kufanyia kazi.

Sasa mimi nilifika pale mwaka wangu wa pili kazini, nina kifaa kipya cha kupima mtiririko, nimejaa maneno ya chuo. Nikapima, nikawaambia wazee maji yanatosha, hakuna sababu ya kugombana. Mzee mmoja akaniangalia akasema, "Mjukuu wangu, umekuja mwezi wa nne. Mwezi wa nne kila mtu ana maji. Rudi wa kumi." Nilirudi mwezi wa kumi. Kijito kilikuwa kinapitisha maji ambayo unaweza kuyazuia kwa viatu viwili, na ugomvi wote wa kijiji kile unazaliwa katika hizo wiki sita. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa inafaa kufungia vitumbua. Ya pili niliiandika nikiwa nimekaa nao na zamu zao zote nikaziingiza, na ndo ikatumika kuanzisha jumuiya ya watumia maji ya eneo lile.

Kwa hiyo ukifika usianze na namba zako. Uliza mwaka gani mto ulikauka, mwaka gani ulizoa daraja, nani alikuwa anagawa maji enzi za baba yake. Unapata historia ambayo haimo kwenye faili lolote, na wakishaona unaiandika kwa heshima wanaanza kukulindia hata geji yako isiibiwe.

Nisome nini, na diploma au digrii?

Kama unataka kushika kifaa mapema, Chuo cha Maji pale Ubungo, kipo tangu 1974, kuna haidrolojia na hali ya hewa, kuna haidrojiolojia na uchimbaji wa visima, kuna maabara ya ubora wa maji. Digrii angalia UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) uhandisi wa rasilimali za maji, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine) kwa upande wa umwagiliaji, Chuo Kikuu Ardhi kwa mazingira, ukitaka kwenda juu zaidi ipo taasisi ya Nelson Mandela Arusha. Ufadhili wa masta watu wanapata kupitia WaterNet (mtandao wa vyuo vya maji kusini na mashariki mwa Afrika), Chuo Kikuu cha Afrika pale Tlemcen Algeria, na IHE Delft Uholanzi, ila anza kuandaa mwaka mzima kabla, usikumbuke wiki ya mwisho.

Mi binafsi nawaheshimu sana wa diploma. Kwenye mto mara nyingi wao ndo wanajua.

Nimemaliza miaka miwili iliyopita, sina ajira. Nikate tamaa?

Mdogo wangu, sitakudanganya, ni ngumu. Nafasi za serikali zinatoka kupitia Sekretarieti ya Ajira, zinakuja chache na mnaomba wengi. Mi nilijitolea miezi 14 kwenye ofisi moja bila nauli, kuna siku nilitembea kwa mguu kurudi nilikopanga, na niliahidiwa mkataba ambao haukuja. Sitaki mtu aje aniambie kujitolea ni bahati, kumfanyisha kijana kazi ya mtaalamu mwaka mzima bila hata nauli ni dhuluma na inawafukuza wale wasio na ndugu wa kuwalisha mjini, ambao ndo wengi wanatoka kwenye vijiji vyenye shida ya maji.

Lakini nachokushauri, angalia nje ya serikali. Kampuni za kuchimba visima zinahitaji mtu anayejua kufanya sevei na kupima kisima kwa pampu, maana wengi wanachimba kwa kubahatisha na mteja anapata shimo kavu. Mashamba ya maua, parachichi, miwa yanahitaji mtu wa kuwaandalia maombi ya kibali na kuweka vipimo. Halmashauri, miradi ya umwagiliaji, mashirika ya mazingira. Kama ni mhandisi jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi mapema, ile miaka mitatu ya mafunzo chini ya mhandisi aliyesajiliwa inahesabiwa kuanzia unapoingia.

Na usikae bure. Chukua mto mmoja mdogo karibu na kwenu, uupime kila Jumamosi mwaka mzima, hata kwa njia ya kienyeji: chupa ya plastiki inayoelea, saa ya simu, kamba ya kupima upana na fimbo ya kupima kina. Ukienda kwenye intavyuu na grafu yako ya wiki 52 unaongea kama mtu aliyesimama mtoni.

Programu gani za kompyuta nijifunze?

Eksel kwanza, kwa undani, wengi mnairuka. Alafu QGIS ya kutengeneza ramani, ni ya bure. Baada ya hapo HEC-HMS (ya kukadiria mvua inavyogeuka kuwa maji ya mto) au WEAP (ya kupanga mgawanyo wa maji) kutegemea kazi. Data za bure zipo, CHIRPS inakupa makadirio ya mvua kuanzia 1981, GRACE ya kuanzia 2002 inakupa jinsi maji ya eneo kubwa yanavyopanda na kushuka kwa kupima mvutano wa dunia kutoka setilaiti. Ila GRACE usije ukaitumia kwa kijiji kimoja, inaangalia maeneo makubwa mno, nimeona watu wanafanya hivyo na matokeo yake ni uongo wenye rangi nzuri.

Mwanamke ataweza fildi?

Anaweza, nipo. Shida za kweli sema mapema: choo, pa kulala salama, dereva anayekuheshimu. Mi siondoki bila kujua nalala wapi na mtu mmoja wa nyumbani anajua nipo kijiji gani. Na kuna faida ambayo wenzetu wanaume hawana, akina mama wanaochota maji wananiambia mambo ambayo hawamwambii kaka, kwamba kile kisima kina maji ila kinafungwa na mtu fulani hadi umlipe, au binti zao wanaamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni. Ukikosa hizo habari mpango wako umekosea hata kama hesabu ni sahihi.

Mgao wa Dar mwishoni mwa 2022 ulisababishwa na nini, si mabomba yapo?

Mabomba na mitambo ilikuwepo. Ruvu Chini inaweza kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196, kama mto una maji. Mvua zilikuwa hafifu, mto ukashuka, mitambo ikakosa cha kuvuta. Jiji la mamilioni ya watu lilikuwa linategemea mto usio na bwawa kubwa la kutunza maji ya masika, yanapita tu kwenda baharini. Ndo sababu ya Kidunda kule Morogoro, bwawa la mita za ujazo milioni 190.

Mi naunga mkono Kidunda. Ila nataka kijana mmoja aniambie milima ya Uluguru, huko maji ya Ruvu yanakotoka, kukoje, kwa sababu milima ikiendelea kulimwa bila matuta udongo wote unateremka na kutua ndani ya bwawa, na bwawa lililojaa tope ni deni ambalo watalilipa watoto ambao leo hawajazaliwa. Kupima tope mtoni ni kazi ya bei ndogo sana ukilinganisha na bwawa, na hakuna anayeitaka kwa sababu ni chafu na ya kuchosha.

Mto ukivuka nchi inakuwaje? Si wakubwa ndo wanaamua?

Wanaamua wakubwa lakini wanaletewa karatasi na wadogo. 1962 serikali ya Tanganyika iliwaandikia Waingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929 uliosainiwa na mkoloni. Miaka mingi baadae tukavuta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga. Ushirikiano wa nchi za Bonde la Nile ulianza 1999, na mkataba mpya wa ushirikiano ukaanza kufanya kazi Oktoba 2024. Yaani kuna mtu alianza kazi kijana akastaafu mazungumzo bado yanaendelea.

Karibu zaidi upo mto Mara. Unaanza msitu wa Mau Kenya, unapita Serengeti, unaingia ziwani upande wetu. Kila 15 Septemba kuna Siku ya Mara, nchi mbili zinakutana. Ukipata nafasi nenda, ongea na wenzako Wakenya, badilishaneni namba za simu, maana mafuriko yakianza kwao meseji ya kaka wa upande wa juu inaweza kukufikia kabla ya barua rasmi.

Mi ni mwanasheria / mhasibu / mtu wa media, kuna nafasi yangu?

Ipo na tunakuhitaji. Migogoro mingi ya mabonde ni ya kisheria, na jumuiya nyingi za watumia maji zinakufa kwa hesabu mbovu za hela kuliko ukame.

Tunaweza kuja fildi na wewe?

Mnaweza, wawili wawili, barua ya chuo iwepo. Njooni na buti za mpira, kofia, maji ya kunywa, na mjue kuogelea au mkae kando. Mvua ikiwa inanyesha juu mlimani hatuingii mtoni hata kama hapa jua linawaka. Daftari liwe la karatasi ngumu na kila mtu aje na penseli mbili zilizochongwa, peni siitaki, ikilowa wino unaondoka na siku yote ya kazi imepotea. Kila kipimo andika tarehe, saa, na jina lako kamili, sio saini, jina, ili mtu akitaka kujua nani alipima siku hiyo ajue.